Kabla hujaniuliza uanze na lugha gani, niambie kosa gani unaweza kukaa nalo

Mpwa wangu kanitumia meseji saa tano usiku, "Shikamoo mjomba, mitihani nimemaliza, nataka kuwa programa, nianze na lugha gani?" Swali hili la lugha ya kuandikia programu za kompyuta nimeshaulizwa mara nyingi mno, na kwa miaka mingi nilikuwa na jibu moja kwa kila mtu, anza na Python ni rahisi, basi nimemaliza. Sasa nikiwaangalia wale niliowajibu hivyo, wengi waliishia njiani, na siyo kwamba hawakuwa na akili, wapo walionizidi mimi kabisa. Nilimpa mtu jembe bila kumuuliza anataka kulima nini.

Usiku ule sikumjibu. Asubuhi nikamuuliza na mimi: kosa la aina gani ukikutana nalo utaweza kukaa nalo siku nzima bila kulichukia? Hakunielewa, na nadhani hata wewe unaesoma hapa bado hujanielewa, kwa hiyo ngoja nieleze taratibu, manake hili ndo jambo ambalo natamani mtu angeniambia kabla sijaanza.

Watu wanadhani programa anashinda anaandika. Kiukweli kuandika ni sehemu ndogo ya siku. Muda mwingi unasoma msimbo, yaani yale maandishi ya programu, ulioandikwa na mtu mwingine ambaye pengine alishaondoka kazini zamani, na muda unaobaki unatafuta kwa nini kitu kilichokuwa kinafanya kazi jana leo kimegoma. Ndo kazi yenyewe hiyo. Sasa kila upande wa fani hii una makosa yake, na makosa hayo hayafanani hata kidogo, mtu anaweza kuvumilia ya upande mmoja na ya upande mwingine yakamchosha mpaka akaacha fani nzima akidhani haimfai, kumbe alikuwa amekaa chumba cha jirani tu.

Kazi yangu ya kwanza nilikabidhiwa mfumo wa kujumlisha malipo. Ripoti ya mwisho wa mwezi ilikuwa inapishana na ya wahasibu kwa kiasi kidogo sana, kidogo kiasi kwamba bosi alisema tuachane nayo, mimi nikashindwa kulala. Nilikaa siku mbili na hilo kosa. Siku ya pili jioni ndo nikaona, ukiiambia kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa namba za desimali za kawaida haikupi 0.3, inakupa 0.30000000000000004. Kompyuta inahesabu kwa msingi wa mbili, na moja ya kumi haiandikiki ikaisha kwa msingi wa mbili, kama vile moja ya tatu isivyoandikika ikaisha kwa msingi wa kumi, unaandika 0.333 mpaka karatasi inaisha. Kwa hiyo pesa huziweki kama desimali za namna hiyo, unaziweka kama namba nzima za kipimo kidogo kabisa cha hiyo sarafu, au unatumia aina ya namba iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo. Siwezi kukueleza furaha niliyokuwa nayo jioni ile. Mwenzangu tuliyekuwa tunakaa naye meza moja alisema yeye angekufa kwa kuboreka, lakini mwenzangu huyo huyo nilimuona akimaliza siku nzima na kitufe kimoja kilichokuwa kinasogea upande kidogo tu kwenye simu za kioo chembamba, na akatoka pale anatabasamu. Mimi kile kitufe kingenishinda kabla ya saa nne asubuhi.

Hapo ndo nilianza kuelewa.

Ukienda upande wa kurasa za wavuti, yaani kile ambacho mtumiaji anakiona na kukigusa, makosa yako utayaona kwa macho. Neno limetoka nje ya boksi lake, ukurasa unapendeza kwenye laptopu ila kwenye simu umevurugika, kivinjari hiki kinaonesha vizuri kile hakioneshi. Na yapo ambayo huyaoni ila mwingine anateseka nayo, mtu asiyeona anatumia programu inayomsomea kioo na picha zako zote hukuziwekea maelezo, kwake yeye ukurasa wako ni ukuta mtupu. Kama una jicho la mtu anaeona fremu ya picha imepinda ukutani na hawezi kutulia mpaka ainyooshe, huku kutakufaa.

Programu za simu zina ndugu wa makosa hayo, na zinaongeza yake: mtandao unakatika katikati ya kazi, betri inaisha, na watu wengine wana toleo la zamani ambalo hawatalisasisha kamwe, kwa hiyo kosa uliloliachia mwaka jana bado linaishi kwenye mifuko ya watu.

Upande wa seva na databesi, yaani kompyuta za nyuma zinazopokea maombi ya watu na kutunza taarifa zao, ndo kwangu, nivumilie nikae hapa kidogo. Chukua mfano wa tiketi. Kimebaki kiti kimoja, watu wawili wamebonyeza kununua kwa wakati mmoja, programu inaangalia kwa huyu inakuta kiti kipo, inaangalia kwa yule inakuta kiti bado kipo, inawauzia wote wawili. Ukijaribu mwenyewe mezani kwako hutaliona hili kosa hata mara moja kwa sababu uko peke yako, linakuja tu watu wakiwa wengi, linatokea mara moja kati ya maelfu, na ukilitafuta linajificha. Au mtu kalipa, jibu likachelewa kurudi, simu yake ikatuma tena, akakatwa mara mbili. Makosa ya huku ni ya muda na mpangilio, huyaoni kwa macho, unayaona kichwani, unakaa na karatasi unachora nani alifika kwanza. Kama ulikuwa mtoto wa kupenda mafumbo na unaweza kushika mambo matano kichwani bila kuyamwaga, karibu.

Data na ujifunzaji wa mashine, yaani kuifanya kompyuta ijifunze kutokana na data, ndiko vijana wengi wanataka kwenda siku hizi, na sitaki kumkatisha mtu tamaa, ila jua kwamba kosa la huko halipigi kelele. Programu haikugomei, haiandiki chochote chekundu, inakupa jibu zuri kabisa na jibu hilo si kweli. Mtu kaandikiwa umri wa miaka 200, safu nzima imejirudia mara mbili, au umeupima mfano wako, yaani ile programu iliyojifunza, kwa data ile ile uliyoufundishia halafu ukashangilia. Inahitaji mtu mwenye shaka ya asili, anaeona jibu zuri na badala ya kufurahi anauliza mbona zuri hivi. Hesabu nayo huwezi kuikwepa, takwimu na aljebra ya matrisi zitakufuata mpaka utazisalimia.

Kuna kuprogramu vifaa vidogo pia, na huku wengi hawakufikirii. Bodi ndogo ya saketi kama Arduino Uno R3 ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2 tu, na kosa linaweza lisiwe kwenye msimbo kabisa, likawa waya umelegea. Usalama wa mitandao ni kusoma kazi ya mwingine ukijiuliza alidhani nini ambacho si kweli. Magemu ni mbio, ukitaka picha 60 kwa sekunde kila picha ina kama milisekunde 16 tu za kufanya kila kitu. Hizi njia tatu sijawahi kuzifanyia kazi, kwa hiyo watafute walioko huko wakueleze zaidi.

Sasa ukishajua kosa lako, lugha inajichagua yenyewe karibu yote. Kurasa za wavuti utakutana na JavaScript utake usitake, Brendan Eich aliitengeneza mwaka 1995 toleo la kwanza kwa siku 10 tu, na mpaka leo dunia nzima inaishi nayo. Data ni Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991. Vifaa vidogo ni C, ya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na ukiwa popote pale jifunze SQL, lugha ya kuiuliza databesi, nayo ni ya miaka hiyo hiyo ya 1970, imezika lugha nyingi zilizokuja kusema zitaizika yenyewe. Naona watu wanagombana mitandaoni lugha ipi bora na roho inaniuma, muda ule wa ugomvi mtu angekuwa ameshajifunza kitu. Chukua moja, kaa nayo mwaka. Ya pili utaijifunza kwa wiki chache kwa sababu lupu (amri zinazorudiwa) ni lupu na funksheni (kipande cha msimbo chenye kazi yake) ni funksheni, kinachobadilika ni nguo tu.

Tena zana zinakufa, hilo usilisahau. Kulikuwa na kizazi kizima cha watu waliojenga maisha yao kwenye Flash, zana ya kutengenezea vitu vinavyotembea kwenye kurasa za wavuti, katuni, magemu, matangazo, na tarehe 31 Desemba 2020 ikafikia mwisho wake rasmi. Aliyekuwa anajua Flash tu alibaki mikono mitupu, aliyekuwa anajua namna kitu kinavyopaswa kutembea kwenye kioo hadi jicho liamini alihamia kwingine na ujuzi wake wote.

Ndo maana swali la pili la mpwa wangu, nisome digrii au nijifunze mwenyewe, nalichukulia kwa uzito kuliko la lugha. Mimi nilisoma digrii. Mwaka wa kwanza nilinung'unika sana, hesabu za seti na mantiki, namna kumbukumbu ya kompyuta inavyogawanywa, nikawa nauliza hivi lini tutaanza kutengeneza vitu. Faida yake niliiona baadaye kazini. Ukiwa na orodha ya majina milioni moja iliyopangwa kwa alfabeti, ukitafuta jina kwa kuanza mwanzo unaweza kuangalia majina yote milioni, lakini ukianza katikati, ukatupa nusu isiyohusika, ukaenda katikati ya nusu iliyobaki na kuendelea hivyo, hutazidi hatua 20. Milioni moja na 20! Hicho kitu hakizeeki. Rafiki yangu aliyejifunza mwenyewe, na ambaye mpaka leo ananizidi kwa kumaliza kazi haraka, aliwahi kuandika programu ya kutafuta majina yanayojirudia kwa lupu ndani ya lupu. Kwa majina 100 ilikuwa inaruka kama umeme, kila mtu alifurahi, ikapewa majina laki moja ikaganda, kwa sababu laki mara laki ni bilioni 10 za kulinganisha. Aliitafuta sababu mwenyewe, akaipata, akajifunza algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo, usiku baada ya kazi kwa miezi. Kwa hiyo alifika pale pale nilipofika mimi, ila yeye alilipia kwa usingizi wake na mbele ya wateja.

Nisieleweke vibaya kwamba digrii inatosha. Nilimaliza bila kujua kutumia Git, chombo cha kutunza kila badiliko la msimbo ambacho Linus Torvalds alikitengeneza mwaka 2005 na leo karibu kila timu inakitumia. Sikuwahi kufundishwa kuandika testi, yaani msimbo wa kuupima msimbo mwingine, sikuwahi kusoma msimbo wa mtu mwingine unaozidi kurasa tano. Siku ya kwanza kazini nilifunguliwa mfumo wenye mafaili maelfu na sikujua hata nianzie wapi kusoma. Digrii inakupa "kwa nini", ile "namna ya kufanya" utaitafuta mwenyewe, na aliyejifunza mwenyewe mara nyingi ana "namna ya kufanya", ila "kwa nini" ndo bado anaitafuta. Ila vilevile karatasi ina milango yake, tusidanganyane, kuna waajiri wasiosoma barua yako bila hiyo karatasi, na viza ya kazi ya Marekani ya H-1B kwa mfano imejengwa juu ya kazi zinazodai angalau digrii ya kwanza au kinacholingana nayo. Kama una ndoto ya kufanya kazi nje, hilo liweke kwenye mizani mapema.

Na ukiamua digrii usichague kwa jina la kozi. Hapa wengi wanaumia. Sayansi ya kompyuta ni nadharia, algoriti na hesabu. Uhandisi wa programu unaegemea namna ya kujenga mifumo mikubwa mkiwa timu. Uhandisi wa kompyuta unashuka mpaka kwenye saketi na umeme. Mifumo ya habari iko karibu na biashara na utawala, na teknolojia ya habari mara nyingi ni kusimamia mitandao, seva na vifaa vya ofisi, kuprogramu kunaweza kuwa masomo mawili matatu tu. Lakini majina haya kila chuo kinayatumia kivyake, kwa hiyo omba orodha ya masomo ya miaka yote, hesabu yapo mangapi ya kuandika programu, kuna projekti ngapi, kuna hesabu kiasi gani. Nimekutana na kijana yuko mwaka wa tatu ndo anagundua kozi yake haina somo la algoriti, na jina la kozi lilikuwa zuri kweli kweli.

Kozi fupi za miezi michache sizichukii, ila niliwahi kulipia moja iliyoahidi kazi mwisho wa mafunzo, kazi haikuwepo, na mwalimu mwenyewe alikuwa amemaliza kozi ile ile miezi mitatu kabla yetu. Kabla hujatoa pesa omba kuona kazi za waliomaliza, ongea na wawili watatu bila mwenye kozi kuwepo, uliza nani atasoma msimbo wako na kukusahihisha. Kusahihishwa ndicho kitu pekee cha kulipia, kwa sababu masomo yenyewe yapo bure. Chuo cha MIT cha Marekani walitangaza kuweka masomo yao wazi kwenye intaneti tangu mwaka 2001, CS50, kozi ya kompyuta ya chuo cha Harvard, unaisoma bila malipo, tovuti ya mafunzo ya freeCodeCamp ipo tangu 2014. Somo si adimu, adimu ni mtu wa kukuambia hapa umekosea na sababu ni hii.

Ubure huo nao una mtego, na mimi niliingia mzima mzima. Kabla ya chuo nilikaa karibu mwaka nikiangalia vidio za mafunzo, moja baada ya nyingine, mwalimu anaandika na mimi naandika, kila kitu kinafanya kazi, najisikia najua. Siku moja nikafungua ukurasa mtupu nitengeneze changu, nikakaa dakika arobaini sijaandika hata mstari mmoja. Kilichonitoa hapo ni programu ndogo ya kutunza vitabu tulivyokuwa tunaazimana darasani. Niliweka jedwali la vitabu na nani kakichukua, nikaona nimemaliza, mpaka siku kitabu kimoja kilipokuwa na nakala mbili, moja kaazima huyu nyingine yule, na mfumo wangu ukasema kitabu hakipo wakati nakala imelala mezani. Nilihangaika wiki nzima kuweka viraka kabla sijaelewa kwamba kitabu na nakala ya kitabu ni vitu viwili tofauti, kila kimoja kinataka jedwali lake. Hakuna vidio iliyowahi kunifundisha hilo, na mpaka leo nikipewa mfumo mpya swali langu la kwanza ni lile lile, hapa kitabu ni kipi na nakala ni ipi.

Najua unasubiri niseme kuhusu akili bandia. ChatGPT, programu ya akili bandia unayoandikiana nayo, ilitoka Novemba 2022 na tangu hapo kila mzazi ananiuliza kama mtoto bado asomee hii kitu. Mimi naitumia kila siku na inaandika vizuri, tena zile kazi ndogo ndogo ambazo zamani tulikuwa tunampa mgeni ajifunzie nyingi sasa inazifanya yenyewe, na hilo linanihuzunisha kwa ajili ya wanaoanza, sitaficha. Lakini rudi pale kwenye kiti kimoja na wanunuzi wawili. Inaweza kukuandikia huo mfumo kwa sekunde kumi na kosa likiwa ndani, na yule atakayeulizwa kwa nini watu wawili wamekalia kiti kimoja ni wewe. Ushauri wangu kwa anaeanza ni mgumu kidogo: miezi sita ya mwanzo itumie ikueleze, isikuandikie. Na ukichukua chochote kutoka kwake, funga kioo, kisha eleza kila mstari unafanya nini kwa mdomo wako. Ukikwama mstari wa nne basi hiyo programu bado si yako.

Kuhusu hofu ya kwamba fani itapotea, huwa namkumbuka Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyekuwa miongoni mwa programa wa mwanzo. Mwaka 1955 alikuwa njia panda, aendelee na fizikia ambayo inaheshimika au abaki kwenye programu, kitu ambacho hakikuwa hata na jina la kueleweka, akaenda kwa mkuu wake Adriaan van Wijngaarden kumweleza mashaka yake, akatoka ameamua kubaki. Mwaka 1957 alipofunga ndoa Amsterdam akaandika kazi yake ni programa, wakuu wa mji wakakataa, hakuna kazi kama hiyo, ikabidi cheti kiandikwe mwanafizikia wa nadharia. Yeye mwenyewe alikisimulia kisa hiki alipopewa tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya fani ya kompyuta, ya mwaka 1972. Aliichagua kazi ambayo serikali ilikuwa haiitambui, kwa sababu matatizo yake yalimshika.

Nirudi kwa mpwa wangu. Nilimpa wiki tatu na vikazi vitatu, na nikamwambia sitaki kuona umemaliza, nataka uniambie kipi ulisahau kula kwa ajili yake. Cha kwanza ukurasa mmoja unaosomeka vizuri kwenye simu na kwenye laptopu. Cha pili mfumo mdogo wa kuhifadhi nafasi za chumba kimoja cha mikutano, watu wawili wasiingiliane. Cha tatu faili chafu la data lenye safu kama elfu mbili, atoe jumla za kila mwezi.

Cha kwanza alikimaliza siku mbili akasema sawa. Cha pili alikiacha nusu. Wiki ya tatu, saa sita usiku, simu ikalia.

"Mjomba umelala? Hii 03/04 ni tarehe tatu mwezi wa nne au tarehe nne mwezi wa tatu?"

Sijajibu, ikaingia nyingine. "Subiri usiniambie. Nimetafuta safu zote ambazo namba ya kwanza inazidi 12, ziko nyingi. Ambazo namba ya pili inazidi 12 nimeangalia mia tano za mwanzo hakuna hata moja. Kwa hiyo siku ndo inaanza, si ndiyo?"

Nikamuandikia, na hizo zilizobaki umeziangalia? Faili lote limeandikwa na mtu mmoja?

Akakaa kimya karibu saa nzima, nikaona bado yuko hewani. Halafu: "Wawili mjomba. Kuanzia safu ya 1,206 kaja mwingine, na huyu anaanza na mwezi. Naanza upya."